Uzi maalumu wa injini za nitro: kuseti, kutunza na kuzikinga na vumbi la Dodoma

Mleta uzi

Mbukwenyi wakuu.

Kila baada ya wiki mbili tatu kuna mtu ananifuata inboksi na habari ileile. Kanunua Dar gari la rimoti la nitro, yaani lenye injini ndogo inayochoma methanoli iliyochanganywa na nitromethani na oili, kule lilikuwa linakimbia vizuri, kalileta Dodoma likaanza kutoa moshi kama jiko la kuni mbichi na kuzima kila kona, na kuna fundi kamwambia injini imeshakwisha. Nimeona nisijibu tena mmoja mmoja. Naumia sana nikiona mtu anauza injini nzima kwa bei ya chuma chakavu. Tuyaweke hapa yote, wenye uzoefu waongezee, wenye maswali waulize.

Nianze na hiyo habari ya Dar na Dodoma, maana ndiyo mzizi wa matatizo mengi ya huku kwetu.

Dodoma tupo mita kama 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto lilelile la nyuzi 30, hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 12. Injini ya nitro haina kompyuta ya kuligundua hilo. Kabureta yake ina tundu la hewa na sindano mbili za mafuta, yaani skrubu za kupunguza au kuongeza mafuta, basi. Hewa ikipungua na sindano zikabaki palepale, mafuta yanazidi. Ndiyo huo moshi, ndiko huko kuzima. Dawa yake ni kubana sindano ya juu kidogo kidogo mpaka injini ipumue. Ni kazi ya dakika kumi.

Hatari kubwa ipo ukielekea upande wa pili, na hii nimeilipia kwa fedha yangu. Mwaka juzi nilishuka Dar na bagi yangu (gari la rimoti la uwanja wa vumbi) ya kipimo cha moja kwa nane, injini ya saizi 21, yaani sentimita za ujazo 3.5. Hapa nilikuwa nimeiseti vizuri mno, ina nguvu na moshi mwembamba. Nilipofika nikajaza mafuta, nikawasha, nikaingia uwanjani bila kugusa sindano. Ilikimbia kuliko siku zote, mpaka watu wakasogea kuangalia. Dakika ya nne, kwenye mnyooko mrefu, ikatoa sauti nyembamba kali na kukatika. Nilipoifungua nikakuta pistoni ina michirizi, kromu ya slivu (bomba ambamo pistoni inapanda na kushuka) imechubuka upande wa eksozi, na tundu la chini la konrodi (mkono unaoishika pistoni) limekuwa na umbo la yai.

Kilichotokea ni hiki: hewa nzito ya pwani iliingia kwa wingi, mafuta yakabaki ya kipimo cha huku juu. Injini hizi hazina oili ya pembeni. Oili imo ndani ya mafuta, na mafuta hayohayo ndiyo yanayopoza. Yakipungua, unakosa vyote viwili kwa pamoja.

Kwa hiyo mimi nikipanda kutoka pwani nawasha kwanza, ndipo nabana. Nikishuka, naifungua sindano ya juu robo mzunguko kabla sijawasha. Siku hizi naifungua palepale nikiwa Morogoro, nisije nikasahau kwa pupa ya kucheza.

Na si lazima usafiri. Julai saa moja asubuhi hapa mjini inaweza kuwa nyuzi 14, saa nane mchana ikafika 27. Hewa ya asubuhi hiyo ni nzito zaidi kwa asilimia 4 hivi. Ukiseti Jumamosi mchana jua likiwa kali, kisha Jumapili asubuhi ukawasha na kukimbiza bila kufungua sindano kidogo, unaikausha injini wakati wewe mwenyewe umevaa sweta.

Nitatumia maneno mawili humu ili tuelewane: injini "kavu" ni ile yenye mafuta machache mno kwa hewa inayoingia, na injini "nzito" ni ile yenye mafuta mengi mno. Kubana sindano ni kukausha, kufungua ni kuongeza mafuta. Nikisema "sailensa" namaanisha mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, kama wanavyosema mafundi wetu, sio eksozi.

Mdau wa Singida

Naweka kambi hapa mkuu. Huku kwetu tupo juu zaidi yenu, kama mita 1,500, kwa hiyo nimeshaelewa kwa nini la kwangu linakohoa. Swali langu ni mpangilio. Kuna skrubu tatu pale kwenye kabureta. Mimi nazigeuza zote mpaka napotea, sijui tena ilikuwa wapi mwanzo. Naanzia wapi?

Mleta uzi

Mkuu wa Singida, karibu. Kabla ya lolote, chukua kalamu ya rangi uweke alama kila skrubu ilipo sasa. Halafu funga kila sindano taratibu mpaka igote huku ukihesabu mizunguko, andika kwenye daftari, uirudishe. Usiikaze ikishagota, ncha yake inaharibika. Daftari hilo litakuokoa mara nyingi kuliko spana yoyote.

Anza na sindano ya juu. Ni ile iliyosimama kwenye kabureta, karibu na mahali bomba la mafuta linapoingia. Mafuta yote hupita hapo kwanza, hata yale ya sailensa, kwa hiyo ukianza na ya chini kisha ukaigusa ya juu, umeharibu kazi yako.

Ila injini iwe moto kwanza. Zungusha gari dakika mbili tatu za kawaida. Anayeseti injini baridi anaseti injini nyingine kabisa.

Ikishapata moto, ivute kwa mafuta yote, yaani ukikanyaga mpaka mwisho, kwenye mnyooko wa mita 30 au 40. Sikiliza na utazame moshi. Ikigugumia, sauti nene, moshi wa wingu, ni nzito, bana. Ukibana, geuza sehemu moja tu kati ya kumi na mbili ya mzunguko, kama nafasi ya namba moja hadi nyingine kwenye uso wa saa. Zungusha tena raundi mbili tatu ndipo uamue. Ikiondoka kwa nguvu lakini mwisho wa mnyooko ikalegea kana kwamba kuna mtu kashika breki, hiyo ni kavu, fungua mara moja. Unachokitaka ni sauti inayopanda safi na uzi wa moshi wa bluu unaoonekana mpaka mwisho. Moshi ukipotea kabisa, simamisha gari.

Halafu njoo kwenye sindano ya chini, ile ya ubavuni kwenye mkono unaovutwa na sevo (mota ndogo inayotii rimoti). Iache injini kwenye sailensa sekunde tano sita, kisha kanyaga ghafla. Ikizama na kutapika moshi ndipo iamke, ni nzito chini. Ikisita bila moshi au ikikatika kama umezima swichi, ni kavu chini. Kuna kipimo kingine nakipenda: injini ikiwa kwenye sailensa, bana bomba la mafuta kwa vidole karibu na kabureta. Injini iliyosetiwa vizuri itaendelea sekunde mbili au tatu, itapandisha sauti kidogo, kisha izime. Ikizima papo hapo ilikuwa kavu. Ikiendelea muda mrefu na kupandisha sauti sana ilikuwa nzito.

Skrubu ya sailensa ndiyo ya mwisho. Vua chujio la hewa injini ikiwa imezimwa, chungulia: tundu la kabureta liwe wazi kama milimita 0.5 hadi 1. Watu wengi wanaficha makosa ya sindano ya chini kwa kupandisha sailensa. Gari halizimi, ndiyo, lakini klachi inasuguana muda wote na injini haipati nafasi ya kupoa kwenye kona.

Mdau wa Tabata

Mkuu mbona unazunguka sana? Mambo ya kusikiliza sauti ni ya zamani. Nunua kipima joto, piga kwenye kichwa cha injini, kikisoma nyuzi 110 acha hapo hapo. Nimeendesha hivyo miaka mingi na sijaua injini.

Mleta uzi

Mkuu wa Tabata, heshima yako, na kipima joto ninacho, natembea nacho. Lakini hapa sikubaliani na wewe.

Joto ni matokeo. Nyuzi 110 za Dar kwenye unyevunyevu, nyuzi 110 za Dodoma mchana wa Novemba upepo ukivuma, na nyuzi 110 za asubuhi ya Julai hazisemi kitu kimoja. Asubuhi ya baridi kichwa kinapozwa sana. Ukilazimisha kifike 110 utaikausha injini kupita kiasi ili tu kuifurahisha namba. Bodi la gari likiwa halina tundu la hewa, itasoma 125 hata kama mafuta yanatosha. Mimi naseti kwa sauti, moshi na mwitikio. Nikimaliza napima, na namba ninayoipata naiandika kuwa ndiyo ya siku hiyo na uwanja huo. Kwa injini yangu huangukia kati ya 100 na 115. Ikipita 120 sitafuti sababu ya kuendelea, nasimamisha.

Na mnaotaka kununua kipima joto, angalizo: vile vya bunduki tulivyokuwa tunapimwa navyo mlangoni wakati wa Korona havifai. Vile ni vya paji la uso, vinaishia nyuzi 42 au 43. Nunua cha viwandani kinachopita 200. Halafu kichwa cha aluminiamu kinachong'aa hukidanganya kipimo kisome chini ya joto halisi, kwa hiyo paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa karibu na plagi, upime hapo hapo kila siku.

Asiye na kipimo adondoshe tone la maji kwenye kichwa. Likichukua sekunde tatu hadi tano kukauka, upo salama. Likiruka na kupotea mara tu linapogusa, imezidi.

Mdau wa Tabata

Hapo kwenye asubuhi ya baridi umenishika mkuu. Sisi huku baridi hatuijui.

Fundi wa bodaboda, Nkuhungu

Mimi si mtu wa magari ya rimoti, ila injini za tuu-stroku nimezifungua nyingi. Mtu akiniambia amegeuza sindano siku nzima na injini haitulii, mara sailensa ipo juu, mara ipo chini, mara inachelewa kushuka ukiachia mafuta, mimi siangalii kabureta tena. Natafuta inapovuta hewa ya wizi. Je, hizi ndogo nazo zinavuta hewa pembeni?

Mleta uzi

Fundi, umegusa jambo ambalo nilikuwa nimepanga kuliweka mwisho, na pengine lilipaswa kuwa la kwanza. Ndiyo, zinavuta, na ukubwa wake mdogo unafanya kitundu cha sindano ya kushonea kiwe ugonjwa mkubwa.

Sehemu za kukagua: shingo ya kabureta inapoingia kwenye injini, kifuniko cha nyuma na oringi yake, beringi ya mbele, na pale gasketi ya eksozi inapokaa. Usisahau bomba dogo linalotoka kwenye eksozi kwenda tankini. Lile linapeleka mgandamizo wa kusukuma mafuta. Likipasuka kidogo au kifuniko cha tanki kikiwa hakifungi vizuri, injini inakauka ukiwa kwenye mafuta yote, na wewe utabaki unafungua sindano bila mafanikio.

Kupima: toa injini kwenye gari, ziba tundu la eksozi na la kuingizia mafuta, funga plagi, chovya yote kwenye bakuli la mafuta ya taa au maji, kisha puliza hewa kupitia mpira uliobana kwenye mdomo wa kabureta iliyofunguliwa. Mapovu yatakuonyesha palipovuja. Kama umetumia maji, kausha na upake oili siku hiyohiyo. Shingo ya kabureta naizibia kwa silikoni ya gasketi inayostahimili joto, ile mnayotumia gereji, kidogo tu, iachwe usiku mzima ikauke.

Mwanafunzi wa UDOM

Wakuu nisaidieni. Injini yangu ina miezi mitano. Ikiwa baridi inawaka vizuri. Ikipata moto ikazima, haiwaki tena mpaka ipoe nusu saa. Tunachezea kwenye uwanja wa vumbi huku Iyumbu. Nimeshabadilisha plagi mara tatu. Siku moja chujio lilipotea nikaendesha bila chujio, kama tangi mbili tu.

Mleta uzi

Pole sana mdogo wangu. Hizo tangi mbili ndizo zimekula injini yako.

Ngoja nieleze kwa nini, maana hapa Dodoma vumbi ndilo adui namba moja, hasa upepo wa Agosti mpaka Oktoba. Injini hizi nyingi hazina ringi za pistoni. Pistoni ni ya aluminiamu, slivu ni ya shaba iliyopakwa kromu, na slivu yenyewe imechongwa iwe nyembamba kidogo juu. Ukiizungusha injini mpya kwa mkono ikiwa baridi, inabana na karibu kukwama pistoni inapofika juu. Wengi wanadhani ni kasoro, hata wapo wanaopiga msasa! Usifanye hivyo kamwe. Mbano huo ndio uhai wake. Injini ikipata moto slivu inatanuka kuliko pistoni, mbano unalegea kidogo, na hapo ndipo inafanya kazi kwa kipimo chake.

Sasa vumbi letu lina chembe za mchanga mgumu. Likipita, linasugua pale juu palipo na mbano. Baridi injini bado itawaka kwa sababu slivu imesinyaa. Moto, slivu imetanuka, pengo ni kubwa, mgandamizo unapita pembeni ya pistoni. Ndiyo maana ya kwako inagoma mpaka ipoe. Jaribu: ikiwa baridi kabisa, zungusha flaiwili (gurudumu zito la injini) kwa kidole. Ikipita juu kwa ulaini bila kubana popote, inahitaji pistoni na slivu mpya, na ukifungua badilisha na konrodi. Plagi ya nne haitasaidia, hifadhi hela yako.

Kuhusu chujio, mimi ninayo manne. Kila moja lina sponji mbili, ya nje yenye matundu makubwa na ya ndani yenye matundu madogo. Nikifika uwanjani naanza na safi, katikati ya siku nabadilisha. Nyumbani nayafua kwa mafuta ya taa, halafu sabuni ya unga na maji ya uvuguvugu, naanika kivulini, yakikauka kabisa napaka oili ya chujio na kuyakanda ndani ya mfuko wa plastiki mpaka rangi ienee sawasawa. Petroli usitumie, inalegeza gundi ya sponji. Chujio kavu lisilo na oili linazuia majani na kokoto, vumbi la Dodoma linapita kama halijaona kitu.

Mahali panapovuja zaidi ni shingo ya mpira. Funga kwa kibano cha plastiki uvute kwa koleo. Kisha paka grisi kidogo sana kwenye ukuta wa ndani wa shingo, juu ya kabureta. Ukimaliza kucheza pitisha kidole kilichofungwa kitambaa cheupe. Ukiona chembe kwenye grisi, vumbi linaingia, na umeligundua kabla halijafanya madhara makubwa.

Mwanafunzi wa UDOM

Inapita kwa ulaini kabisa kaka. Haibani popote. Asante kwa kunieleza ukweli. Nikipata pistoni na slivu mpya nizoeshe vipi? Duka nililonunulia waliniambia niiache kwenye sailensa tangi tano.

Mleta uzi

Wapo wanaofundisha hivyo, na mimi nilianza hivyo. Siku hizi sifanyi. Injini ikikaa kwenye sailensa na mafuta mengi haifiki joto lake, slivu inabaki imesinyaa, na pistoni inapanda kwenye mbano mkali mara maelfu kwa dakika. Konrodi ndiyo inayoumia.

Ninavyofanya: naipasha moto kabla ya kuwasha, kwa draya ya saluni, mpaka kichwa kiwe cha moto usioweza kukishika. Nafungua sindano ya juu iwe nzito kiasi, nawasha, dakika chache za kwanza nipo kwenye sailensa nikihakikisha kila kitu kipo sawa, kisha naliweka gari chini na kulizungusha kwa mafuta ya kupanda na kushuka, bila kushikilia. Kichwa nataka kisome 90 au zaidi. Asubuhi ya baridi nafunika mapezi ya kichwa kwa karatasi ya foili ili kifike huko. Tangi moja, nazima, naacha ipoe kabisa. Kisha nyingine. Baada ya tangi sita hivi naanza kubana sindano kidogo kidogo kila tangi.

Na kila unapozima, zungusha flaiwili mpaka pistoni iwe chini. Weka alama ya rangi kwenye flaiwili ili uijue nafasi hiyo bila kufungua kitu. Ukiiacha juu, slivu inaposinyaa inaikumbatia pistoni, mbano unapungua bure, na siku ya pili kuvuta kamba ni vita. Hii si ya injini mpya peke yake, ifanye maisha yake yote.

Mdau wa Mpwapwa

Mkuu, mafuta yenyewe tunayapata kwa shida. Nimesoma kwamba ndani yake kuna oili ya nyonyo. Huku nyonyo zipo tele, akina mama wanakaanga mbegu na kuchemsha. Methanoli ipo kwa wauza kemikali. Siwezi kuchanganya mwenyewe? Na je, petroli iliyochanganywa na oili ya tuu-stroku haifai?

Mleta uzi

Petroli haifai kabisa. Plagi ya nitro haitoi cheche. Ina koili ya platini, unaiwasha kwa betri ya volti 1.5 hivi mwanzo tu, kisha betri inaondolewa. Inabaki nyekundu kwa sababu mvuke wa methanoli ukigusa platini unazalisha joto wenyewe. Petroli haifanyi hivyo, injini haitakaa ikiwaka. Ray Arden wa Marekani ndiye aliyeileta plagi hii sokoni mwaka 1947 na mpaka leo kanuni haijabadilika.

Nyonyo ni kweli, na ni oili nzuri mno. Inayeyuka kwenye methanoli na inashikilia chuma hata joto likizidi. Lakini inayotumika ni iliyokamuliwa bila kukaangwa na kusafishwa gundi na maji. Ya kuchemsha nyumbani, kwa heshima zote kwa mama zetu, bado ina maji na masalia ya mbegu. Itaacha utando mgumu kwenye slivu na kuziba kabureta. Iacheni kwa kazi yake ya ngozi na nywele.

Nitromethani ndiyo inayoongeza nguvu, kwa sababu inakuja na oksijeni yake yenyewe. Gramu moja ya methanoli inahitaji gramu 6.4 za hewa, ya nitromethani inahitaji 1.7 tu, kwa hiyo unaweza kuchoma mafuta mengi zaidi kwa hewa ileile. Kwa sisi wa hewa nyepesi hiyo ni neema. Ila ni kemikali inayodhibitiwa. Umoja wa Ulaya tangu 2021 mtu wa kawaida haruhusiwi kununua mchanganyiko unaozidi asilimia 16 bila kibali. Usijaribu kuichanganya nyumbani. Nunua mafuta yaliyokwisha kuchanganywa, asilimia 16 hadi 25, na oili ya kutosha. Tukiagiza watu sita kwa pamoja mzigo unakuwa nafuu. Yasafiri na mzigo wa kawaida unaotambulika. Usiyaingize kwenye basi la abiria wala kwenye treni ndani ya begi.

Na ukishafungua chupa, ifunge palepale. Methanoli inavuta maji kutoka hewani. Hapo kiangazi chetu kinatusaidia, ila masika usiache kifuniko wazi.

Mama wa Kisasa

Habari zenu. Mimi ni mzazi wa hapa Kisasa, Dodoma, nimefika hapa baada ya kutafuta. Mwanangu yupo kidato cha pili, mjomba wake kamletea gari hilo. Mafuta anayaweka chumbani kwake kwenye chupa ya maji ya kunywa. Naomba kujua kama ni salama.

Mleta uzi

Shikamoo mama. Asante sana kwa kuuliza. Hapana, si salama, na naomba leo hii hii uitoe hiyo chupa.

Methanoli ni sumu. Ndiyo ileile inayoua na kupofusha watu inapoingia kwenye pombe haramu. Vijiko viwili vya chai vinaweza kuondoa macho ya mtu moja kwa moja. Na inadanganya, kwa sababu dalili huchelewa nusu siku, hata siku nzima. Mtu anaonekana kalewa kidogo tu kumbe mwili unaharibika. Mtu akimeza, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo hata kama anajisikia mzima, na chupa iende naye ili daktari aione. Inapita pia kwenye ngozi, kwa hiyo kijana avae glavu anapojaza.

Abaki na chupa yake ya asili yenye lebo, ndani ya sanduku lenye kufuli, nje ya chumba cha kulala, mbali na jua na jiko. Asiwashe injini ndani ya nyumba. Na jambo ambalo wengi hawalijui: moto wa methanoli mchana karibu hauonekani. Ukihisi joto kali juu ya tanki na huoni mwali, rudi nyuma umwagie maji mengi. Maji yanafaa kwa sababu yanachanganyika nayo.

Mengine yote, mama, ni mchezo mzuri wa kumfundisha kijana ufundi. Akitaka, Jumapili aje nawe mtuone.

Mama wa Kisasa

Marahaba mwanangu. Nimeshaitoa. Tutakuja.

Mdau wa Singida

Mkuu nimerudi na majibu. Leo saa mbili asubuhi, nyuzi 16. Nilianza na sindano ya juu ikiwa nzito, nikabana mara tano, raundi tatu kila mara kama ulivyosema. Sauti imenyooka, moshi upo, kichwa kimesoma 104. Kubana bomba inazima kwa sekunde tatu. Nimeifungua plagi, koili inang'aa na ina unyevu kidogo. Nimechoma tangi nne. Sasa hivi narudi nyumbani, nifanye nini cha mwisho?

Mleta uzi

Safi sana mkuu! Koili ya namna hiyo ndiyo tunayoitaka. Ungeikuta ya kijivu kama majivu au imejikunja, ningekwambia fungua sindano.

Usiliweke kabatini likiwa na mafuta. Maliza yaliyomo kwenye tanki, washa tena mpaka izime yenyewe kwa ukavu kwenye sailensa, usiikanyage. Masalia ya nitromethani iliyoungua yana asidi, na methanoli inavuta maji, kwa hiyo beringi ya nyuma ndiyo inayoanza kushika kutu, kimyakimya. Toa plagi, dondosha matone manne ya oili ya giaboksi otomatiki kwenye tundu lake na mengine manne kwenye kabureta, zungusha sekunde kumi, rudisha plagi, ziba kabureta na eksozi kwa kitambaa safi. Andika kwenye daftari lile: tangi nne. Tanki la bagi ni mililita 125, kwa hiyo hiyo ni nusu lita. Mimi nabadilisha konrodi kila lita 10 au 12, haijawahi kunikatikia.

Andika pia nyuzi 16 na mahali sindano ilipo. Mchana ukirudi uwanjani utabana kidogo, kesho asubuhi utaifungua tena. Na kabla hujaenda kula, flaiwili: pistoni iwe chini.